Risasi Halali, Mshale Haramu: Nani Alimwuliza Paa?

Wasomaji mtakumbuka kwamba muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mdahalo moto kweli kweli. Mada ilikuwa: "Serikali iruhusu uwindaji tena nchini Kenya." Mimi nilipangwa upande wa wapinzani. Kwa bahati mbaya, mtunza saa aligonga meza kabla sijaifikia hoja iliyokuwa ikiniwasha moyoni, kisha kengele ya chakula ikalia. Nyote mnajua kwamba maharagwe hayamngoji msemaji. Basi leo namalizia kwa kalamu.

Kwanza nikiri jambo ambalo sikuthubutu kulisema mbele ya ukumbi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwinda.

Kwetu ni upande wa Konoin, Bomet. Michai inateremka kilima mpaka karibu na mto, na hapo kuna ukanda mwembamba wa msitu. Nikiwa darasa la sita, mimi na binamu yangu tulichukua waya wa breki wa baiskeli kuukuu, tukatengeneza kitanzi, tukakifunga kwenye mti kando ya njia ya wanyama. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Jumamosi tulipelekwa kuchuma majani chai, tukasahau. Jumapili baada ya kanisa ndipo tukakumbuka.

Tulimkuta paa. Alikuwa hai bado. Waya ulikuwa umeingia mguuni mpaka kwenye mfupa, na nyasi zote kuzunguka ule mti zilikuwa zimefyekwa na kwato zake, duara kamili, kama mtu amelima. Alitutazama tu. Hakuna aliyeweza kumkaribia. Binamu yangu alilia, nami nikakimbia kumwita babu.

Babu alimmaliza kwa pigo moja la panga, akamzika. Alikataa katakata nyama ile iliwe. Nilidhani nitachapwa, lakini alikaa juu ya jiwe akaniambia maneno ambayo hayajanitoka: "Mimi niliwinda kwa upinde nikiwa kijana. Mwenye upinde humwona mnyama, na akimjeruhi humfuata. Mtego wako hauna macho wala hauna miguu. Umemwua huyu ukiwa kanisani."

Kisha akanisimulia kisa chake. Wakati wa mkoloni alikamatwa akiwa na upinde na mishale kwenye ukingo wa msitu, akafungwa. Wiki ile ile Mzungu mmoja alikuwa amepiga kambi upande wa pili wa msitu huo huo akiwinda kwa bunduki, na wapagazi wakimbebea nyama na pembe. Tofauti ni kwamba yule alikuwa na leseni mfukoni. "Yeye aliitwa mwindaji," babu alisema, "mimi nikaitwa jangili."

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo hoja yangu. Sheria yoyote inayosema silaha hii ni halali na ile ni haramu inapaswa kuanza na maswali mawili: mnyama atakufaje, na watabaki wangapi? Ikianza kwa kuuliza "ni nani aliyeshika silaha?" imekwisha kupotoka.

Tazama historia yetu. Sheria za wanyama za wakoloni zilimtambua mwenye leseni na bunduki, na Mwafrika kumiliki bunduki lilikuwa jambo gumu mno. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kwa hesabu aliyoiandika yeye mwenyewe, wawili hao waliua wanyama 512 katika safari yao ya Afrika. Wanyama 512, watu wawili! Wengi walikwenda kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho, sikatai. Lakini je, mzee mmoja wa Kipsigis au wa Kiogiek angeua hata hamsini, angeitwa mwanasayansi? La hasha.

Ajabu ni kwamba upinde wenyewe haukuwa na kosa kila mahali. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin kule Marekani liliruhusu rasmi kuwinda kulungu kwa upinde, na leo upinde unaruhusiwa katika majimbo yote ya nchi hiyo. Kwa hiyo mshale wa Wisconsin ni michezo, mshale wa Mau ni ujangili. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini tusiwe watu wa kulaumu tu. Kuna mahali ambapo sheria za silaha zinauliza swali zuri, na tunaweza kujifunza. Uingereza na Wales zina Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991. Sheria hiyo inapiga marufuku mitego, sumu na mishale, na inataka kulungu wakubwa wapigwe kwa bunduki ambayo kipenyo cha risasi yake hakipungui inchi 0.240, yaani kama milimita 6, tena yenye nguvu ya kutosha. Kwa nini? Kwa sababu risasi ndogo humjeruhi mnyama akakimbia kwenda kufia mbali baada ya siku kadhaa. Jirani zetu Tanzania, ambako uwindaji wa leseni ungali halali, wana kanuni ya namna hiyo: kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, kipenyo kisipungue inchi 0.375. Hapo sheria haiulizi rangi wala cheo. Inauliza: je, kifo kitakuwa cha haraka?

Na sheria nzuri hubadilika elimu inapoongezeka. Hapa wana-Kiswahili wenzangu mtege sikio. Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili: risasi ile itokayo mtutuni, na risasi ile madini mazito ya kijivu. Kwa miaka mingi vitu hivyo vilikwenda pamoja. Sasa imejulikana kwamba madini hayo ni sumu. Risasi ikimpiga mnyama humeguka vipande vidogo sana ndani ya nyama, na anayekula, awe mtu au ndege wala mizoga, hula na sumu. Jimbo la California, ambako kondori wengi wamekufa kwa sumu hiyo, limekataza kabisa risasi za madini ya risasi katika uwindaji tangu tarehe 1 Julai 2019. Uskoti nayo ilibadilisha kanuni zake mwishoni mwa mwaka 2023. Zamani ilitaka risasi ya kumpiga kulungu mkubwa isipungue karibu gramu 6.5. Sasa imeteremsha kipimo hadi karibu gramu 5.2, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, na kanuni ya kale ilikuwa inawazuia wawindaji kutumia shaba. Kwa maneno mengine, wanatafuta risasi isiyo ya risasi!

Mtasema, "Hayo ya Uskoti yatuhusu nini sisi, ambao hata kulungu wa aina hiyo hatuna?" Yanatuhusu. Wao wanakaa chini kupima gramu moja na kidogo ili mnyama asiteseke na ndege asife. Sisi tunaishi na waya wa breki.

Turudi nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, na mwaka uliofuata ikakataza biashara ya ngozi, pembe na vitu vya namna hiyo. Kwa upande mmoja ilikuwa haki: kwa mara ya kwanza tajiri mwenye bunduki na maskini mwenye mshale waliambiwa neno moja, "Hapana." Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza katazo hilo. Ilipotungwa, iliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita kwa anayewinda kwa ajili ya chakula chake tu. Anayefanya biashara ya nyama ya porini aliwekewa shilingi 200,000 au mwaka mmoja, na kuendelea.

Wenzangu wa upande wa kuunga mkono walitoa hoja moja ambayo sikuweza kuivunja siku ile, na leo nitaikubali. Walisema marufuku haijawaokoa wanyama. Ni kweli. Wanasayansi waliochunguza hesabu za wanyama wakubwa katika nyanda zetu za malisho walikuta kwamba kati ya 1977 na 2016 walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Kwa hiyo katazo peke yake si dawa. Lakini wenzangu wakaruka wakasema, "Basi turudishe bunduki!" Hapo ndipo tulipoachana njia. Nyumba ikivuja licha ya kuwa na paa la mabati, je, unang'oa mabati? Wanyama wamepungua kwa sababu ardhi imegawanywa na kuzungushiwa nyua, mifugo imeongezeka, ukame umezidi, na mitego haina idadi. Bunduki ya mtalii haitatoa hata kitanzi kimoja msituni.

Tena angalieni msitu wetu wa Mau Kusini Magharibi, huu tunaouona ukileta ukungu asubuhi juu ya michai. Ni mmoja wa misitu michache sana duniani ambamo bado anaishi bongo wa milimani, yule swala mkubwa mwekundu mwenye milia myeupe. Anapatikana porini Kenya tu, na inakadiriwa kwamba waliobaki porini hawafiki 100. Mtego uliotegewa paa haujui kumpisha bongo. Mtego hauna macho, alisema babu.

Lakini nikisema hivyo, sitaki mtu achukue maneno yangu akawapige nayo Waogiek. Hao waliishi Mau kwa asali na kwa kuwinda tangu kabla ya chai ya kwanza kupandwa Kericho. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao, zikiwemo za ardhi, dini na utamaduni, na ikaikataa hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Kule Tanzania, Wahadzabe wanaachiwa kuwinda kwa upinde katika eneo lao ili wapate chakula. Sisemi tuige kila kitu, maana paa na pongo waliobaki hapa ni wachache. Nasema tu kwamba kesho sheria ikiandikwa upya, Mwogiek aketi mezani pale inapoandikwa, asingoje kuisomewa kizimbani.

Basi msimamo wangu ni huu. Bunduki za starehe zisirudi. Sheria imtofautishe mwenye njaa na mfanyabiashara, kama ilivyojaribu mwaka 2013, na imsikilize mwenye msitu. Na sisi wanafunzi tuanze na lile lililo mkononi mwetu: waya.

Najua humu shuleni wamo waliotega. Msinikatalie! Tumeyasikia bwenini baada ya taa kuzimwa, jamaa wakijisifu eti fulani alinasa sungura, fulani alinasa paa. Hakuna anayesimulia duara lile la nyasi. Vyama vya wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi wa shule za upili kama sisi, miaka ya 1960. Hawakungoja kuwa wakubwa. Napendekeza chama chetu cha Kiswahili kiungane na chama cha wanyamapori. Jumamosi moja kila muhula tutembee kando ya mto, tukiwa na mwalimu na baada ya kuwaarifu askari wa wanyamapori, tutoe kila kitanzi tutakachokiona. Tukirudi, tuhesabu tulivyovipata na kuandika idadi hiyo kwenye ubao wa matangazo. Mwaka ujao jarida hili lichapishe hesabu yetu wenyewe.

Babu angali hai. Upinde wake uko darini, kamba imekwisha kukatika, na hajawahi kuniomba nimtafutie nyingine. Likizo iliyopita nilimwambia kuhusu mdahalo wetu. Akauliza, "Mlishinda?" Nikamjibu kwamba tulishindwa kwa kura sita. Akacheka, akasema, "Hao waliopiga kura, wangapi wamewahi kumwona aliyenaswa?"

Sikuwa na jibu. Nawaachia ninyi, wasomaji.