Mwaka wa kuzaliwa pekee hautoshi kumpangia mtoto timu

Miezi michache iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 12 katika chumba changu cha matibabu. Mvulana huyo alikuwa akiumwa na tumbo kila Jumamosi asubuhi. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa alikuwa mzima wa afya, akila vizuri na kwenda shuleni bila tatizo. Mama alikuwa amekwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili, na katika duka la dawa aliuziwa dawa ya vidonda vya tumbo.

Nilimpima. Tumbo lilikuwa laini, na vipimo vya choo na mkojo havikuonyesha kasoro yoyote. Mama alipotoka kwenda kulipa, nilimwuliza kijana, "Jumamosi asubuhi huwa kuna nini?"

Aliinamisha kichwa. "Kuna mazoezi ya mpira, daktari."

"Kwani hupendi mpira?"

"Napenda sana. Lakini sichezi. Mimi hubeba maji."

Nilipouliza zaidi nilipata kujua kwamba wazazi wake humlipia ada kila muhula katika kituo cha kufundishia soka, sawa na wazazi wengine wote. Yeye alizaliwa mwezi wa Desemba. Wenzake wengi katika timu walizaliwa mwaka huo huo, lakini katika miezi ya mwanzo, na tayari wametimiza miaka 13. Wawili kati yao sauti zimeanza kuvunjika. Yeye anawafikia mabegani.

Sikumwandikia dawa. Ugonjwa wa kijana huyu ulikuwa katika orodha ya timu.

Msimamo wangu ni huu: namna tunavyowapanga watoto katika timu zao za kujiburudisha ni jambo la afya, kama vile chakula na chanjo. Nasikitika kusema kwamba mara nyingi tunawapanga vibaya.

Timu nyingi za watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31. Utaratibu huu ni rahisi, na unathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Chukua watoto wawili, mmoja amezaliwa Januari 3 na mwingine Desemba 28 ya mwaka huo huo. Kwa sheria wao ni rika moja. Wakifikia umri wa miaka minane, yule wa Januari amemzidi mwenzake karibu moja ya nane ya maisha yake yote. Ana mbio zaidi, ana nguvu zaidi, na anaelewa maagizo upesi. Mkufunzi anamwona na kusema, "Huyu ana kipaji." Anamtia katika timu ya kwanza, anampa mechi nyingi na muda mwingi wa mafunzo. Baada ya mwaka mmoja mtoto huyo amekuwa hodari kweli. Yule wa Desemba yuko benchi. Ni kama kupanda mbegu mbili, ukanyunyizia moja maji, kisha ukaisifu kwa kuota.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 wataalamu wa saikolojia nchini Kanada walieleza kwamba miongoni mwa wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, waliozaliwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi kuliko waliozaliwa katika miezi ya mwisho. Huko rika huhesabiwa kuanzia Januari. Nchini Uingereza, ambako rika la shule huhesabiwa kuanzia Septemba 1, vituo vya kukuza wanasoka vimejaa waliozaliwa Septemba hadi Novemba. Kama hicho ni kipaji tu, kingewezaje kuhama kutoka Januari hadi Septemba kwa kuvuka bahari? Kilichobadilika ni tarehe ya kuanza kuhesabu.

Kisha, msomaji, kuna saa nyingine ambayo haimo katika cheti chochote, nayo ni saa ya mwili. Wasichana huanza kubalehe wakati wowote kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Wote hao ni wazima. Kasi ya kurefuka huwa kubwa zaidi katika umri wa miaka 12 hivi kwa msichana na miaka 14 hivi kwa mvulana, lakini kila mtoto ana wakati wake. Katika kipindi hicho mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana unaweza kuwasimamisha wavulana wawili wa miaka 13, mmoja akawa na mwili kama wa miaka 11 na mwenzake kama wa miaka 15. Tunawatia katika uwanja mmoja, tunapuliza kipenga, kisha tunamlaumu mdogo kwamba ni mwoga.

Madhara yake nayaona kliniki. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo unapokulia. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zilizo karibu nayo. Mtoto mdogo akigongana na mwenzake mwenye uzito wa mtu mzima, hapo ndipo panapoumia. Lakini usidhani kwamba yule mkubwa amesalimika. Yeye hutumiwa kila mahali: leo timu ya umri wake, kesho timu ya juu yake, Jumatano timu ya shule. Naletewa watoto wa namna hiyo wakichechemea, wakiwa na maumivu chini ya goti au kwenye kisigino, pale kano zinapouvuta mfupa ambao bado unakua. Tiba yangu kubwa kwao ni kupunguza mechi, na dawa hiyo ndiyo ambayo mkufunzi haipendi.

Isitoshe, aliyekomaa mapema tunampa ahadi ya uongo. Akiwa na miaka 12 anafunga mabao kwa sababu hakuna anayeweza kumzuia. Hana haja ya kujifunza kupiga chenga wala kutoa pasi. Akifika miaka 16 au 17, wenzake wamemfikia kwa kimo, na yeye hana silaha nyingine. Wengi huacha mchezo wakati huo, tena kwa uchungu, kwa kuwa walikwisha kuambiwa kwamba wao ni nyota.

Wasichana nao wana lao. Msichana aliyebalehe akiwa na miaka 10 hutiwa na wakubwa kwa sababu ya kimo chake, ilhali moyoni bado ni mtoto. Anaona haya kwa mwili wake, anaogopa kupata hedhi akiwa uwanjani, na hana wa kumwambia. Kwa ghafla anaanza kusahau viatu nyumbani, na baadaye haji tena. Mkufunzi husema amepoteza hamu. Hakuna aliyemwuliza. Nataka hili lieleweke vizuri: ukubwa wa mwili si ukubwa wa akili. Kwa hiyo sisemi umri utupiliwe mbali. Nasema umri uwe hatua ya kwanza, halafu tumtazame mtoto mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme. Mwaka jana mzee mmoja alinijia akitaka nimwandikie barua kwamba mwanawe ana miaka 13, ili acheze katika mashindano fulani. Kijana mwenyewe alikuwa na ndevu. Nilikataa, na mzee huyo akaondoka kwa hasira akisema atampata daktari mwingine. Wazazi wengine wenye nia njema huniuliza kama eksirei inaweza kumaliza ubishi wa umri. Haiwezi. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lilitumia picha za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Picha hizo huonyesha kama mfupa umemaliza kukua, na hivyo humfichua aliyevuka umri huo. Haziwezi kutaja tarehe ya kuzaliwa. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 mifupa inaweza kuwa mbele au nyuma ya kalenda kwa miaka miwili, naye akawa mzima kabisa. Usimpeleke mtoto kupigwa eksirei kwa sababu ya ligi ya mtaa.

Badala yake tujiulize: kwa nini mtu mzima adanganye umri wa mtoto? Kwa sababu ya kombe. Pasipo na kombe wala jedwali, hakuna anayepata faida kwa kughushi cheti.

Nchini Norwei chama kikuu cha michezo kilipitisha kanuni maalumu za michezo ya watoto mwaka 1987. Huko watoto hawawekewi jedwali la ligi kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 11, wala hawashiriki mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 13. Je, wamekuwa legelege? Nchi hiyo ndogo iliongoza kwa medali za dhahabu katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2022. Nasi hapa nyumbani tumewahi kujitungia kanuni zetu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilizipa timu zake pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Basi kumbe pointi zinaweza kutolewa kwa jambo lolote tunalolithamini.

Najua wapo watakaosema, "Daktari anataka kuwadekeza watoto. Sisi tulicheza mtaani na wakubwa na tukawa imara." Nami nilicheza mtaani, mpira wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba. Lakini kumbuka tulivyogawana. Wawili waliokuwa hodari zaidi walitengwa, kila mmoja akawa nahodha wa upande wake, kisha wakachagua mmoja mmoja kwa zamu. Upande mmoja ukishinda sana, tulibadilishana wachezaji ili mchezo unoge. Hakuna aliyekuja kutazama tu. Tulikuwa watoto, na tulijua kwamba mchezo wa upande mmoja hauna raha. Ni sisi watu wazima tuliokuja na timu ya kwanza, timu ya pili na benchi.

Kasoro ya njia yetu ilikuwa moja: yule aliyechaguliwa mwisho aliona aibu mbele ya wote. Mkufunzi anaweza kuiondoa kasoro hiyo kwa kugawa timu kwenye karatasi usiku uliotangulia.

Basi haya ndiyo mapendekezo yangu, na hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, watoto wa chini ya miaka 12 wasigawanywe katika timu ya wenye nguvu na timu ya wanyonge. Kila timu ipate mchanganyiko wa wakubwa na wadogo, na zipangwe upya kila muhula. Pili, kila mtoto aliyefika acheze angalau nusu ya mchezo. Tatu, palipo na watoto wengi, mwaka ugawanywe mara mbili, Januari hadi Juni na Julai hadi Desemba. Nne, mkufunzi awe na kanda ya kupimia, apime kimo cha kila mtoto mara tatu kwa mwaka na kukiandika. Anayerefuka kwa kasi apunguziwe mechi. Mdogo sana aruhusiwe kucheza na waliozaliwa mwaka unaofuata, ikiwa mwenyewe na wazazi wake wameridhia. Tano, katika michezo ya kugongana kama raga, uzito utazamwe pamoja na umri, kama wanavyofanya katika baadhi ya ligi za watoto nchini Nyuzilandi. Lakini mtoto asinyimwe chakula kamwe ili atimize uzito fulani. Sita, tusimkate mtoto yeyote kwamba "hana kipaji" kabla hajamaliza kurefuka.

Mwajiuliza yaliyompata yule mvulana wa tumbo. Mama yake alizungumza na mkufunzi, ambaye mwanzoni alikataa akisema sheria ni sheria. Baadaye alikubali ajaribiwe na kundi la chini yake kwa mechi za Jumamosi, na abaki na rika lake katika mazoezi ya katikati ya juma. Wiki iliyopita mama alinipigia simu kuniuliza habari za shangazi yake mgonjwa wa kisukari. Nilimwuliza kuhusu kijana. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Alikuwa amesahau habari ya tumbo.

Mzazi mwenzangu, Jumamosi hii mwanao atakaporudi kutoka uwanjani, usianze kwa kumwuliza kama wameshinda. Mwulize alicheza dakika ngapi. Akikujibu kwamba alibeba maji, nenda ukazungumze na mkufunzi kabla ya kuja kwangu.