"Wewe si kama wenzako": dharau iliyovaa nguo ya sifa

Bismillahir Rahmanir Rahim



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi wengi hutuuliza kuhusu katuni. Mtoto akitoka madrasa tu, anakimbilia televisheni au simu ya mama yake. Je, tuzifunge zote? Kwa muda mrefu jibu letu lilikuwa fupi: zifungeni. Leo tunataka kueleza jinsi katuni moja ilivyotufundisha adabu sisi wenyewe, tena kupitia kwa mwanetu.

Katika darasa letu hapa Bujumbura kuna kijana wa Kitwa ambaye wazazi wake walisilimu. Wasomaji wetu wa Burundi na Rwanda wanajua Watwa wamedharauliwa kiasi gani. Tangu zamani watu walinunua vyungu vyao, lakini wakakataa kula nao sahani moja au kunywa nao chombo kimoja. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea viti 3 katika Baraza la Wawakilishi na viti 3 katika Seneti. Sheria inaweza kumpa mtu kiti bungeni, lakini haiwezi kumlazimisha jirani anywe naye kikombe kimoja.

Kijana huyu alihifadhi Juzuu Amma kabla ya wenzake wote. Tulifurahi, tukamsimamisha mbele ya darasa na kumwambia, "Maashaallah! Wewe si kama Watwa wengine." Tulidhani tumempa zawadi. Yeye aliinamisha kichwa, akarudi kukaa.

Jioni tulisimulia jambo hilo nyumbani kwa furaha. Mwanetu wa miaka 12 alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani, Baba. Si ndivyo alivyosema Val-Yor?" Tukauliza, Val-Yor ni nani? Akatuonyesha.

KATUNI YENYEWE

Katuni hiyo inaitwa Teen Titans. Ilionyeshwa Marekani kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, misimu 5 yenye sehemu 65. Wazazi wasiichanganye na Teen Titans Go! iliyoanza mwaka 2013, ambayo ni ya vichekesho zaidi. Ni kikosi cha vijana watano wanaolinda mji. Robin ni kiongozi wao. Starfire ni msichana aliyetoka sayari nyingine iitwayo Tamaran. Cyborg ni kijana Mweusi ambaye sehemu kubwa ya mwili wake ni mashine. Beast Boy hujigeuza wanyama, na Raven ni binti mkimya mwenye siri nzito.

Tuseme wazi kwamba hatuipitishi yote. Mavazi ya Starfire hayafai, na mambo ya Raven yana uchawi na mashetani. Mzazi anayewaachia watoto wadogo waitazame peke yao amekosea. Lakini haki isemwe hata kwa kitu tusichokipenda.

Katika msimu wa 4, mwaka 2005, kuna sehemu iitwayo Troq. Anakuja shujaa kutoka anga za mbali, jina lake Val-Yor. Ni hodari na mchangamfu, na vijana wanampenda mara moja. Anawaomba wafuatane naye kupigana na mashine za adui. Lakini kila akimtazama Starfire anamwita "Troq". Wenzake hawajui neno hilo lina maana gani. Starfire anajua, na anavumilia. Anafanya kazi kwa bidii zaidi, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba hastahili kuitwa hivyo.

Mwishowe anamweleza Cyborg kwamba ni neno la kuwatukana watu wa Tamaran, na maana yake ni "si kitu". Anamuuliza kama yeye anajua uchungu wa kuhukumiwa kwa sura. Cyborg anajibu kwamba anajua, maana yeye ni nusu mashine. Hataji rangi yake, na wala hahitaji kuitaja, mtazamaji ameshaelewa.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Starfire anaonyesha ushujaa mpaka Val-Yor mwenyewe anauona. Je, anamwomba msamaha? La. Anamwambia kwamba kumbe naye ni miongoni mwa wale wachache wazuri. Anadhani amemsifu! Vijana wote wanaikataa sifa ile, naye anaondoka kama alivyokuja, ushindi mkononi na kibri moyoni.

Tulipoona hapo, wallahi tuliona haya mbele ya mtoto wetu. Maneno yalikuwa yetu.

SIFA AU TUSI?

Tuyapime maneno haya. Ukimwambia mtu "wewe si kama wenzako", umesema mambo mawili. La kwanza, kwamba wenzake ni wabaya, na wenzake hao ni mama yake, baba yake na ndugu zake. La pili, kwamba heshima yake ni ya mkopo, na siku akikosea atarudishwa alikotoka. Mtoto anaelewa yote hayo kwa mara moja, hata kama hana maneno ya kuyaeleza.

Na sisi Waislamu wa nchi hizi tunaujua uchungu huo. Ni mara ngapi tumeambiwa, "Wewe ni Mswahili, lakini ni mtu mwaminifu"? Hapa Burundi na jirani zetu Rwanda, neno "Mswahili" limetumika sana kwa maana ya Mwislamu, na kwa baadhi ya watu maana yake ni mjanja au mdanganyifu. Tunachukia tukiambiwa hivyo. Basi imekuwaje tukachota katika kisima kile kile na kumnywesha mtoto wa mwenzetu?

Allah (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kudharau watu wengine na kuitana majina mabaya. Katika aya ya 13 akaeleza kwamba mataifa na makabila ni ya kujuana, na mbora mbele Yake ni mcha Mungu zaidi. Aya hizi tunazisomesha kila mwaka. Ulimi uliozisomesha ndio uliomuumiza yule kijana.

ABU DHARR ALIFANYA NINI?

Katika Sahih al-Bukhari imepokewa kwamba Abu Dharr (R.A.) alimtukana mtu kwa mama yake. Baadhi ya wanazuoni wametaja kuwa mtu huyo ni Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimkemea, akamweleza kwamba bado ndani yake kuna ujahilia. Abu Dharr alikuwa Sahaba mkubwa, miongoni mwa waliotangulia kusilimu, na bado mzizi ule ulikuwa haujang'oka.

Tofauti ni kilichofuata. Val-Yor aliambiwa akaondoka. Abu Dharr aliambiwa akabadilika. Baadaye watu walimwona yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za aina moja, na alipoulizwa akasimulia kosa lake mwenyewe bila kulificha. Hayo ndiyo makuzi ya nafsi. Kuonekana mwema si kazi. Kazi ni kukubali kwamba umekosea kisha maisha yako yaonyeshe.

Tulirudi darasani, tukamwomba kijana msamaha mbele ya wenzake, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya wenzake. Akajibu kwa sauti ndogo, "Hakuna neno, Ustadhi." Kisha tukalitazama jambo tulilokuwa tunaliona bila kuliona: watoto walikuwa hawanywi maji kwa kikombe alichotumia. Na mtungi wenyewe wa maji, uliokaa pale darasani miaka mingi, ulifinyangwa na Watwa! Siku hiyo alikunywa yeye kwanza, na sisi tukanywa baada yake kwa kikombe kile kile. Mzazi mmoja alikuja kutulalamikia. Tulimsomea aya ya 13, akaondoka amenuna.

Hatusemi mambo yamekwisha. Mpaka leo yule kijana huja na kichupa chake cha maji kutoka nyumbani. Jeraha la ulimi halifungwi kwa siku moja.

NASAHA KWA WAZAZI

1. Kaeni na watoto mnapotazama. Mtoto anayetazama na mzazi huuliza, na mzazi hupata nafasi ya kubainisha lipi jema na lipi baya.

2. Sikilizeni majina wanayoitana. Watoto hawazaliwi na majina hayo. Mengi wameyaokota sebuleni kwetu.

3. Mkimsifu mtoto wa watu, msifuni kwa alichofanya. "Umehifadhi vizuri" inatosha. Msimpime kwa kabila lake.

4. Mtoto akikusahihisha kwa adabu, usimkemee. Huenda Allah amekuletea nasaha kupitia kwake.

5. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akitukanwa msinyamaze. Starfire alibeba neno lile peke yake muda mrefu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Tunamwomba Allah (S.W.) asafishe nyoyo zetu na mabaki ya ujahilia, na atusamehe kwa kila mtoto tuliyemuinamisha kichwa tukidhani tunamuinua. Amin.

Wabillahi tawfiq.