Saa ya Mshitakiwa na Saa ya Mtoto

Chukuliwe mfano wa mtoto wa darasa la tatu anayeishi Kihonda, mjini Morogoro. Jumatatu amemweleza mwalimu wake yaliyompata kwa jirani. Mwalimu amemwita mzazi, mzazi amekwenda polisi na kupewa Fomu Namba 3, mganga amempima mtoto, na jioni hiyo mtuhumiwa amekamatwa. Lakini kabla ya wiki kwisha mtu yule anaonekana tena barazani kwake, hatua chache kutoka njia ambayo mtoto huyo hupita kwenda shule. Majirani wanaulizana kama kesi imefutwa. Wengine wananong'ona kwamba pametembea rushwa. Mtoto hasemi lolote. Anaomba tu asiende shule.

Huenda kesi haikufutwa wala hapakuwa na rushwa. Mshitakiwa amepewa dhamana, na dhamana si hukumu. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka minane tofauti hiyo haipo. Yeye ameona tu kwamba alisema, na kusema kwake hakukubadili kitu.

Ni kwa sababu hiyo kilio cha kutaka makosa ya ubakaji wa watoto yaondolewe dhamana hurudi kila mara, bungeni na mitaani. Kilio hicho kina msingi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10. Mtu anayekabiliwa na adhabu ya namna hiyo ana kila sababu ya kutoroka, au ya kuhakikisha kuwa shahidi mkuu anafunga kinywa.

Hata hivyo, hapana budi jambo hili litazamwe kwa pande zote mbili. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete linalofahamika sana kwa wanasheria, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichozuia dhamana kwa jumla jumla. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kama vile mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, inakiuka Katiba. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mvutano huo unaonyesha kuwa swali si jepesi. Mwalimu anayesoma habari hii anajua pia kwamba yeye mwenyewe aweza kusingiziwa, na siku hiyo atataka asikilizwe akiwa huru.

Lakini mjadala wa "dhamana au hapana" unaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni muda. Mshitakiwa ana saa yake, iliyotengenezwa na sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliagiza mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 asipopewa dhamana ya polisi. Sheria hiyo hiyo iliweka kipimo cha siku 60 kwa kesi kuahirishwa mfululizo bila kusikilizwa, na kutaka hati ya wakubwa wa upelelezi na mashitaka ikiwa siku zitazidi. Hayo ni mema. Je, saa ya mtoto iko wapi? Siku ya mtoto kutoa ushahidi hutegemea kukamilika kwa upelelezi, ratiba ya mahakama, na pengine uhamisho wa hakimu au mwendesha mashitaka.

Na ushahidi huo ndio moyo wa kesi. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kiapo, baada ya kuahidi kusema kweli. Mlango umefunguliwa, basi, lakini kumbukumbu ya mtoto haikai kabatini kama jalada. Baada ya mwaka mmoja amesahau tarehe, wazee wa ukoo wamekwisha kaa kikao, mbuzi na fedha zimepita, na familia imehama. Kesi inaanguka, na lawama zote hutupwa kwenye dhamana. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

India imejaribu kuweka saa mbili. Sheria yake ya mwaka 2012 ya kuwalinda watoto dhidi ya makosa ya kujamiiana inaagiza ushahidi wa mtoto uchukuliwe ndani ya siku 30 tangu mahakama maalumu ilipolipokea shauri, na kesi imalizike, kadiri iwezekanavyo, ndani ya mwaka mmoja. Papo hapo, polisi wasipokamilisha upelelezi ndani ya siku 60, au 90 kwa makosa mazito, mshitakiwa aliye mahabusu ana haki ya kudai dhamana. Mahakama za India bado zimeelemewa na kesi nyingi huzidi mwaka. Lakini kuchelewa huko kuna kipimo, na kwa hiyo kuna wa kuulizwa. Zanzibar nayo ilianzisha mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji mwaka 2021.

Tanzania Bara haina haja ya kungoja sheria mpya ili ianze. Sheria iliyopo imempa hakimu uwezo wa kumwekea mshitakiwa masharti: kuripoti polisi kwa siku maalumu, kutofika eneo fulani, kutokaribiana na watu fulani. Mwendesha mashitaka asipoomba masharti hayo, na polisi asipomwambia ni wapi mtoto anaishi na anasoma, uwezo huo hubaki kwenye karatasi. Mtendaji wa mtaa anayemwandikia mdhamini barua ya utambulisho anaujua mtaa kuliko hakimu. Basi ahakikishe polisi wanajua kama mshitakiwa anarudi ukuta kwa ukuta na mtoto. Afisa ustawi wa jamii amweleze mzazi maana ya dhamana kabla mzazi hajaisikia kisimani. Mwalimu aandike siku ambazo mtoto hakufika shule, na atoe taarifa mara mtu anapomfuata.

Juu ya yote, Bunge liweke siku ya mwisho ya kuchukua ushahidi wa mtoto, kama lilivyoweka siku za mshitakiwa. Aliye huru kwa dhamana na aendelee kuwa huru, mbali na njia ya shule, hadi mahakama itakaposema. Lakini mtoto wa Kihonda aliyethubutu kusema Jumatatu asingojeshwe hadi asahau alichokuwa akisema.