AKILI YA FUNDI NI MALI YA NANI?



Kila siku twaambiwa nchi itaendelea kwa uvumbuzi. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Ikaunda tume ya kutoa vibali vya utafiti, shirika la uvumbuzi, na mfuko wa utafiti ambao uliahidiwa asilimia 2 ya pato la nchi kila mwaka. Ahadi hiyo haijatimizwa bado. Lakini leo hatusemi juu ya fedha. Twasema juu ya bushi za breki.

Katika karakana moja tuliyofanya kazi, kutoa bushi iliyokwama kulitaka watu wawili na nyundo, tangu asubuhi mpaka saa sita. Fundi mwenzetu akachukua chuma chakavu na skrubu ndefu, akaunda kifaa cha kuivuta. Mtu mmoja akaimaliza kwa saa moja. Baadaye mhandisi alikichora kifaa kile, kikapelekwa karakana nyingine pia. Jina la fundi halikuandikwa popote. Alipewa mkono, akarudi kazini kwa mshahara ule ule. Tangu siku ile, akivumbua jambo hulificha katika sanduku lake la vyombo, wala hatuwezi kumlaumu.

Je, ofisi hizo za uvumbuzi zamjuaje mtu huyu? Zinamjua mwenye shahada na maabara. Fundi mlango wake ni mwajiri tu.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu 32, yasema uvumbuzi uliofanywa katika kutimiza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, ila mkataba ukisema vingine. Ukiwa uvumbuzi wa maana kubwa kupita kiasi, mvumbuzi astahili malipo ya haki. Lakini ni nani atakayepima ukubwa huo? Fundi peke yake akabishane na mawakili?

Tazameni maneno yale, "ila mkataba ukisema vingine." Mapatano yetu na waajiri yaweza kusema vingine! Hatudai malipo kwa kila nati. Twataka jina la fundi liandikwe kwenye mchoro, na apate fungu lake katika kile kilichookolewa.

Makatibu wa matawi, kabla ya mazungumzo yajayo tuleteeni orodha ya vifaa vilivyoundwa na wanachama: nani alikiunda, lini, na mashahidi wawili.