Nani Atashinda, na Nani Atapiga Kura?

Kila uchaguzi wa Rais unapokaribia, marafiki hukusanyika jioni na kubashiri mshindi. Mmoja huhesabu majimbo kwa vidole, mwingine huweka dau la soda, wa tatu huapa kwamba mambo yamekwisha. Sioni ubaya katika mazungumzo hayo. Heri kijana anayebishana juu ya nchi yake kuliko yule asiyeijali. Lakini tupime uzito wa maneno yetu.

Mara nyingi tunachokiita utabiri ni sauti ya mtaa wetu tu. Katika duru ya pili ya mwaka 2006, mashariki ya nchi ilimpa Joseph Kabila kura nyingi mno, na Kinshasa ikamwelekea Jean-Pierre Bemba. Kijana wa Bukavu na kijana wa Kinshasa wangeweza kila mmoja kuapa, kwa moyo mweupe, kwamba Kongo nzima imekwisha kuamua. Ilikuwa imegawanyika: asilimia 58 kwa 42.

Tena wengi hubashiri kwa kanuni zilizokwisha kufutwa. Husema: "Huyu hawezi kushinda, walio wengi hawamtaki." Tangu Katiba ilipobadilishwa Januari 2011, duru ni moja tu, na anayetangulia, hata kwa kura chache, ndiye Rais. Tarehe 10 Januari 2019, CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa asilimia 38,57, akifuatwa na Martin Fayulu kwa 34,83. Kwa hesabu hiyo yenyewe, wapiga kura zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa wamechagua mwingine.

Linalonisikitisha zaidi ni pale rafiki anapojibiwa: "Unasema hivyo kwa sababu ya kabila lako." Hapo mazungumzo yamekwisha, na pengine urafiki pia. Utabiri ukishindwa, neno linalofuata ni "wizi", hata kabla ya karatasi moja kusomwa.

Sisemi kwamba shaka haina msingi kamwe. Mwaka ule wa 2018, Baraza la Maaskofu lilikuwa na waangalizi wapatao 40.000 nchini, nalo likatamka kwamba matokeo ya CENI hayalingani na takwimu walizokusanya. Mahakama ya Katiba iliuthibitisha ushindi uliotangazwa. Hata hivyo neno la maaskofu halikuweza kupuuzwa, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo watu waliokwenda vituoni na kuandika waliyoyaona. Katika kundi la marafiki kumi wanaobashiri, ningefurahi wawili tu wakijiandikisha kuwa waangalizi.

Na kuna swali ambalo marafiki hawaulizani: nani atapata nafasi ya kupiga kura? Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI iliahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi, ikitaja usalama na, kwa Beni na Butembo, ugonjwa wa Ebola. Rais aliapishwa Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni moja hawakuhesabiwa. Mwaka 2023 vita viliwanyima wenzetu wengi wa Masisi na Rutshuru nafasi hiyo hiyo. Tarehe 30 Desemba 2018, watu wa Beni walipanga foleni hata hivyo, wakaandaa kura yao wenyewe, wakijua vema kwamba haitaingia katika hesabu yoyote.