Kitanda, bafu na mkate: mikataba ya haki ya Ulaya inamfikia nani?

Wiki iliyopita, baada ya taarifa ya habari ya jioni, tulipokea ujumbe wa baba mmoja ambaye kijana wake yuko Uholanzi. Kibali cha kijana kimekwisha, kazi hana, na siku nyingine analala stesheni ya treni. Mzee anauliza: "Si mnatutangazia kila siku kwamba Ulaya kuna mikataba ya haki za binadamu? Mbona mwanangu haimsaidii?" Hewani tulikuwa na dakika mbili tu, hazikutosha. Mzee wetu, jibu lako ni hili.

Kwanza, tutenganishe vyombo viwili ambavyo hata sisi watangazaji huvichanganya. Umoja wa Ulaya ni ule wa nchi 27. Baraza la Ulaya ni chombo kingine, makao yake ni Strasbourg, Ufaransa, na lina nchi 46, zikiwemo Uturuki na Uingereza ambazo hazimo kwenye Umoja. Tunachozungumzia leo ni mikataba ya Baraza hilo, nayo mikubwa ya haki ni miwili.

Wa kwanza ulitiwa saini Roma mwaka 1950. Unalinda uhai, unakataza mateso, unadai kesi iendeshwe kwa haki, unalinda uhuru wa kusema. Huu una mahakama. Mtu yeyote aliye ndani ya nchi hizo, hata mgeni asiye na makaratasi, anaweza kuishtaki serikali Strasbourg akishamaliza ngazi za mahakama za nchi husika, na hukumu inaibana serikali.

Wa pili ni Mkataba wa Kijamii wa Ulaya, uliotiwa saini Turin, Italia, Oktoba 1961, kisha ukaandikwa upya mwaka 1996. Humo ndimo yalimo mambo ya tumbo: kazi na ujira unaotosha, matibabu, pensheni, msaada kwa asiye na kitu, na tangu 1996, makazi. Lakini huu hauna mahakama. Una Kamati ya Haki za Kijamii yenye wataalamu 15. Mtu mmoja mmoja hawezi kuipelekea shauri. Wanaoweza ni vyama vya wafanyakazi, vya waajiri na mashirika yanayotambuliwa, tena dhidi ya nchi zilizokubali utaratibu huo tu, nazo hazifiki 20. Uingereza, iliyotangulia kuridhia mkataba huo mwaka 1962, haijaukubali utaratibu huo mpaka leo.

Zaidi ya hapo, serikali inachagua vifungu. Ni kama mtu aliyeingia hotelini: anaagiza wali na maharage, samaki anaacha. Kwa mkataba wa 1996, kuna vifungu tisa vinavyohesabiwa kuwa msingi, na nchi inatakiwa kukubali angalau sita.

Kwa nini haki za tumbo zikawekwa chumba cha nyuma? Kwa maoni yetu, sababu kubwa ni fedha. Kumwambia polisi asipige mtu kunaonekana hakuna gharama. Kumpa mtu dawa na mahali pa kulala kunagusa bajeti, na hakuna serikali inayopenda kupangiwa bajeti na majaji wa nje. Hatuwacheki Wazungu kwa hili. Mkataba wa Afrika wa 1981 uliweka afya, elimu na kazi pamoja na haki nyingine kwenye karatasi moja, lakini mwananchi kwenda mwenyewe moja kwa moja Mahakama ya Afrika pale Arusha kunategemea tamko la nchi yake, na Tanzania ilitangaza kuliondoa tamko lake mwaka 2019.

Hata hivyo kamati hiyo si ya mapambo. Shauri lake la kwanza, la mwaka 1998, lilihusu ajira ya watoto nchini Ureno. Serikali ilisema sheria ya kuwazuia ipo, na kweli ilikuwepo. Kamati ikajibu mwaka uliofuata kwamba sheria kwenye karatasi haitoshi kama watoto bado wako kazini. Ureno ikaonekana imevunja mkataba.

Sasa tuje Uholanzi. Mkataba wa Kijamii una kiambatisho kinachosema unawahusu wageni pale tu wanapokuwa raia wa nchi nyingine za mkataba na wanaishi au kufanya kazi kihalali. Kwa maneno hayo, kijana wa mzee wetu hayumo hata kidogo.

Mwaka 2013 Baraza la Makanisa ya Ulaya liliipinga Uholanzi mbele ya kamati, kwa sababu watu wazima wasio na vibali walikuwa wakiachwa barabarani bila chakula, nguo wala malazi. Mwaka 2014 kamati ilisema kiambatisho hakiwezi kusomwa kwa namna ya kumvua mtu utu wake: chakula, nguo na mahali pa kulala asinyimwe mtu kwa kukosa kibali.

Desemba mwaka huo mahakama moja ya rufaa ya Uholanzi ilichukua uamuzi huo na kuuagiza mji wa Amsterdam utoe malazi ya usiku, bafu, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Waholanzi wakaliita jambo hilo "kitanda, bafu, mkate". Uliofuata ni ugomvi wa kisiasa uliotikisa serikali ya mseto ya Mark Rutte mwezi Aprili 2015. Mwezi huohuo mawaziri wa Baraza la Ulaya, ambao ndio hupokea maamuzi ya kamati, hawakuibana Uholanzi. Walikumbusha tu kwamba kiambatisho kipo. Na Novemba 2015 mahakama za juu za Uholanzi ziliamua kwamba serikali inaweza kumtaka mtu akubali kushirikiana katika kurejea kwao kabla ya kumpa malazi, isipokuwa kwenye mazingira ya kipekee.

Tangu 2019 miji mitano, ikiwemo Amsterdam na Rotterdam, iliendesha vituo vya malazi pamoja na serikali kuu. Mwanzoni mwa 2025 serikali kuu iliacha kuchangia fedha. Baadhi ya miji, Amsterdam ikiwemo, imeendelea kwa fedha zake.

Kwa hiyo mzee wetu, kijana hawezi kwenda mwenyewe kwenye kamati ya Strasbourg, na uamuzi wa 2014 si tiketi ya kupewa kitanda. Lakini wakili wake anaweza kuutaja mbele ya jaji wa Uholanzi, kama ilivyofanyika Amsterdam. Kama ni mgonjwa, aseme mapema, kwa sababu afya inaweza kumweka kwenye yale mazingira ya kipekee. Aanzie manispaa ya mji aliko, aulize kama kuna malazi ya wasio na vibali, na aulize makanisa na mashirika yanayosaidia wahamiaji yampeleke kwa wakili. Na kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya kukubali kurejea nyumbani, amwonyeshe wakili huyo aisome.