Tusiyafute Mawe ya Mlimani

Kila mtu aliyepata kufika katika shule yetu anayajua mawe meupe ya mlimani. Yamepangwa katika mteremko ulio nyuma ya mabweni, nayo yanaandika jina la shule kwa herufi kubwa ambazo abiria wa basi huziona kabla hajaona paa letu hata moja. Kila muhula wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hupanda na ndoo za chokaa kuyapaka upya, na sisi tulio Kidato cha Nne tulipanda vivyo hivyo zamu yetu ilipofika, tukarudi na magoti meupe na njaa kali. Basi leo nataka kueleza jinsi nilivyoyafuta mawe hayo yote kwa dakika kumi, bila kugusa hata moja, na kwa nini sasa naona kuwa nilikosea.

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Picha. Chama chetu kina kamera moja, ambayo hukaa kabatini mwa mwalimu mlezi. Mwanzoni mwa muhula huu tuliambiwa kila mwanachama atengeneze picha moja ya mandhari, yaani picha ya mlima, bonde, mto au mbingu, wala si picha ya mtu aliyesimama akicheka mbele ya vitu hivyo. Wengi wetu tulidhani ni kazi rahisi, kwa maana mlima hautikisiki wala haufumbi macho. Nilipiga picha thelathini kwa Jumamosi moja. Nilipozitazama jioni, zote zilikuwa zimepooza kama uji uliolala. Mlima ulikuwapo, lakini kile nilichokiona moyoni nilipousimamia hakikuwapo.

Nilimweleza mwalimu, naye akanipa kitabu chake juu ya mpiga picha wa Marekani aitwaye Ansel Adams. Bwana huyu alizaliwa San Francisco mwaka 1902, akafa mwaka 1984. Katika ujana wake alikusudia kuwa mpiga piano, na alijifunza kwa bidii miaka mingi. Lakini mwaka 1916, alipokuwa na umri wa miaka 14, alikwenda na wazazi wake kulitazama bonde la Yosemite, nao wakampa kamera ndogo ya sanduku. Tangu hapo hakupita mwaka asirudi Yosemite, na hatimaye piano ikashindwa na milima.

Kilichonishangaza katika habari zake si uzuri wa picha, bali taabu. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda na wenziwe mpaka mahali panapotazamana na jabali kubwa liitwalo Half Dome. Alichukua kamera nzito na vioo 12 vya kupigia picha. Alipofika juu vilikuwa vimebaki vioo viwili tu. Kimoja akakitumia kwa kuweka mbele ya lenzi kichujio cha rangi ya manjano. Mara akatambua kwamba picha itatoka sahihi lakini haitasema alivyoona moyoni, kwa sababu mbingu haitakuwa na giza la kutosha. Akaweka kichujio chekundu, ambacho huzuia mwanga wa buluu usipite, na hivyo hugeuza mbingu kuwa nyeusi katika picha isiyo na rangi. Kioo cha mwisho kikatoa picha iliyomfanya ajulikane. Baadaye alifundisha kwamba mtu aione picha yake akilini kwanza, ndipo afungue kamera.

Tena kazi yake haikwisha pale mlimani. Aliifananisha filamu iliyosafishwa na noti za muziki zilizoandikwa, na picha ya karatasi akaifananisha na kuupiga muziki wenyewe. Katika chumba cha giza aliweza kuzidisha mwanga pembe hii na kuupunguza pembe ile kwa saa nyingi, mpaka karatasi iseme vile alivyoona. Hapo nilielewa kwa nini picha zangu thelathini zilikuwa zimepooza. Nilikuwa nimepiga bila kuona, kama mtu apigaye ngoma huku anaongea na jirani.

Basi nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikawa naamka kabla ya kengele. Asubuhi ya kwanza ukungu ulifunika kila kitu. Asubuhi ya pili mbingu ilikuwa tupu, haina hata wingu. Asubuhi ya tatu jua lilipenya chini ya wingu zito, likaangaza kilele peke yake huku mteremko wote ukiwa bado kivulini, na moshi wa jikoni ukapanda kama uzi. Nilipiga picha moja tu, mikono ikitetemeka kwa baridi. Waliosema subira yavuta heri hawakukosea.

Lakini katikati ya picha palikuwa na mawe meupe. Nilipoyatazama kwenye kompyuta ya maktaba niliyaona kama doa juu ya shati jipya. Jicho lilitaka kwenda kileleni, nayo yakalivuta chini. Hapo nikakumbuka habari nyingine ya Bwana Adams.

Mwaka 1944 alikuwa katika mji mdogo wa Lone Pine, huko California, akitaka kupiga picha ya milima ya Sierra Nevada wakati wa macheo. Alidamka siku nne katika baridi kali asipate kitu. Siku ya tano, akisimama juu ya jukwaa lililojengwa kwenye paa la motokaa yake, aliona theluji ya vilele iking'aa, vilima vya mbele vikiwa vyeusi, na farasi akila majani katika mwali mmoja wa jua. Farasi yule alimgeuzia mgongo kwa ukaidi, akaonekana kama kisiki. Dakika ya mwisho akageuka ubavu, naye Bwana Adams akapiga. Muda mfupi baadaye jua lilijaa kila mahali, na mchanganyiko ule wa mwanga na giza ukatoweka.

Sasa sikilizeni. Juu ya vilima vile vyeusi wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lone Pine walikuwa wamepanda wakapaka chokaa herufi mbili kubwa, L na P. Bwana Adams alizichukia. Alizifuta kwenye filamu, na alama zilizosalia akawa anaziziba kwa wino katika kila picha aliyoitoa. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kuliko mwizi aliyeona mlango wazi. Nilijiambia, ikiwa fundi mkubwa kama yule alifanya, mimi ni nani nisifanye? Nikayafuta mawe yetu yote, nikapaka majani mahali pake, nikakabidhi picha. Sikumwambia mtu.

Picha ilisifiwa. Ilitundikwa ukumbini Siku ya Wazazi, tena nikaambiwa kuwa itawekwa kwenye jalada la gazeti hili. Nilisimama karibu nayo ili nisikie sifa. Akaja mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, mwenye koti la zamani na fimbo. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, jina letu limekwenda wapi?"

Nilimjibu, "Shikamoo, babu. Nimeliondoa ili mlima upendeze."

Akasema, "Marahaba." Kisha akanieleza kwamba alisoma hapa, na kwamba jiwe la kwanza la herufi ya kwanza alilibeba yeye na mwenzake kutoka mtoni, wakipumzika kila hatua ishirini. Mwenzake huyo amekwisha kufariki. Hakunikemea. Alitazama picha mara moja tena, akaenda kutafuta kiti.

Tangu siku ile sijapata raha, na nimefikiri sana. Haya ndiyo maoni yangu.

Wako wenzangu wasemao kwamba picha ni sanaa, na fundi ana haki ya kufanya apendavyo. Nakubali kwa sehemu. Kungoja mwanga, kutia mbingu giza, kuchagua mahali pa kusimama, hayo yote ni haki ya mpiga picha, kwa sababu ndivyo anavyosema alivyoona. Mtazamaji naye anajua kuwa mbingu hubadilika kila saa, hivyo hadanganyiki. Lakini jiwe lililobebwa na mtu si mwanga. Ukiliondoa, hujasema ulivyoona, umesema kwamba mtu yule hakupita pale. Nani atakayejua, miaka hamsini ijayo, kwamba palikuwa na mawe, ikiwa gazeti la shule yenyewe linaonyesha majani?

Wako wengine wasemao kwamba herufi zenyewe ndizo zinazouharibu mlima, kwamba mlima ni kazi ya Mungu na haukuumbwa kuwa ubao wa kuandikia. Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Ndiyo hoja iliyomsukuma Bwana Adams. Basi ituletwe katika mdahalo wa shule tuijadili mbele ya wote. Kama herufi ni mbaya, twende tukaziondoe mlimani kwa mikono yetu, mchana, watu wakiona. Kuziondoa pichani na kuziacha mlimani ni woga.

Tena nimegundua kwamba nilijifunza nusu ya somo. Kwanza, Bwana Adams hakuficha. Mwaka 1983 alitoa kitabu kueleza alivyotengeneza picha zake 40, na humo akaandika waziwazi kwamba alizifuta herufi zile, na kwa nini. Msomaji akaachiwa ahukumu, na wako waliomlaumu. Pili, safari hizo zilimpeleka kwenye kambi ya Manzanar, iliyo karibu na Lone Pine, ambako wakati wa vita serikali ya Marekani iliwafungia zaidi ya watu 10,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani. Bwana Adams aliwapiga picha wakilima na wakisoma, akatoa kitabu cha kuwatetea mwaka huohuo wa 1944. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyewafuta wanafunzi kilimani alikataa kuwafuta watu wale waliokuwa nyuma ya seng'enge. Mimi nilichukua kosa lake nikaacha ukweli wake.

Kwa hiyo naleta mambo mawili. La kwanza ni kwa Mhariri: naomba sana picha ile isiwekwe kwenye jalada. Picha ya asili, yenye mawe, bado ipo. Ikiwa haifai kwa kuwa jicho huvutwa chini, basi jalada liwe la mwenzangu mwingine, nami sitanung'unika. La pili ni kwa Chama cha Picha: tuweke sharti kwamba mwanachama anayeondoa au kuongeza kitu katika picha aandike hivyo chini yake, kwa maneno ambayo hata mzazi asiyejua kamera atayaelewa.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani na kuondoka. Kabla ya hapo nimeomba kwa mwalimu nipande na Kidato cha Kwanza siku ya chokaa, ingawa si zamu yangu. Nitapaka herufi ya kwanza. Na babu yule akija tena, nataka aione kutoka barabarani.